Viuno vya Watu Ukutani

Fundi alirudi kutoka kununua zipu, akatupa mfuko juu ya cherehani, akanyoosha mkono ukutani bila kutazama ili achukue utepe wa vipimo vya Mpishi wa hoteli. Mkono ukashika msumari mtupu. Akajaribu msumari wa pili, nao mtupu. Akarudi nyuma, akautazama ukuta mzima. Ukuta uliokuwa umejaa tepe za kila rangi tangu alipofungua duka ulikuwa uchi, imebaki misumari na alama za vumbi.

"Chiriku!"

Hilo silo jina alilopewa binti yake alipozaliwa, ila ndilo lililomkaa, kwa sababu mtoto alianza kusema kabla ya kutembea na hajanyamaza mpaka leo, miaka sita sasa. Alikuwa chini ya meza ya kukatia, mahali pake pa kawaida akitoka shule, anakula mkate. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu aliyefanya kazi nzito akaimaliza.

"Tepe ziko wapi?"

"Nimewarudishia wenyewe, mama."

"Wenyewe gani?"

"Wenyewe wenyewe. Wa Mpishi nimempa Mpishi. Wa dada wa mapokezi nimempa dada wa mapokezi. Wale wa kufua nimewapa wote, mmoja mmoja, na hakuna niliyemkosea." Akamega mkate. "Mmoja amenipa pipi."

Tungependa kusema kwamba Fundi alivuta pumzi, akakaa chini, akazungumza na mwanawe kwa upole. Hakufanya hivyo. Alipiga ukelele ambao kinyozi wa jirani aliusikia akamkwaruza mteja wake kwa wembe, kidogo tu, nyuma ya sikio.

Tusimlaumu, maana tepe zile ndizo zilizokuwa akili ya duka. Fundi hakuandika vipimo. Kuandika anajua, tena ana hati nzuri, lakini mama mkwe wake aliyemfundisha kazi alimfundisha hivi: mteja mpya huchagua kipande kutoka kapu la mabaki ya vitambaa, kinakatwa utepe mrefu, na mwili wake unafungwa humo kwa mafundo. Fundo moja ni mabega, mawili yaliyobanana ni kiuno, matatu ni nyonga. Utepe unaning'inizwa ukutani, na siku ya kukata unatandazwa juu ya kitambaa, basi. Wateja waliokaa kungoja walipenda kuzivutavuta. "Huu wa maua wa nani jamani, mbona nyonga imefika mlangoni?" Na Chiriku kutoka chini ya meza anamtaja mwenyewe, duka zima linavunjika mbavu. Hiyo ndiyo iliyokuwa redio ya pale, na Fundi alicheka pamoja na wenzake.

Ng'ambo ya barabara ilikuwa imejengwa hoteli, bado inanuka rangi, na sare za wanawake wote wa hoteli hiyo zilikuwa mikononi mwa Fundi. Kesho mchana Meneja wa hoteli angekuja kutazama nguo tatu za kwanza. Zikimpendeza, sare za hoteli zingekuwa za Fundi mwaka hata mwaka. Zisipompendeza, kazi ingekwenda kwa duka kubwa la katikati ya mji, lenye cherehani za umeme na kiyoyozi. Fundi alikuwa ameitaka kazi hii kwa roho yake yote, akafikia hata kumwamsha mumewe kumwuliza kati ya kola ya mviringo na kola ya pembe ipi inampa mtu heshima zaidi.

"Nani amekutuma?" aliuliza, sauti imekwisha.

"Hakuna. Dada Mtafiti anasema habari za mtu ni za mtu."

Fundi alivaa viatu vyake vya ugomvi, vile vyenye visigino, akamshika mtoto mkono, wakatoka.

* * *

Dada Mtafiti alikuwa mwanamke kijana kutoka chuo kikuu, mwenye gundi kwenye nyusi, aliyeomba ruhusa ya kufanya kazi na watoto wa darasa la awali shuleni kwa Chiriku. Alikuwa akibuni mchezo wa kuwasaidia watoto waelewe kwamba jina lao, sauti yao, nyumba wanakokaa na vitu wanavyoviogopa ni vyao, na kwamba simu na michezo ya kwenye simu hupenda mno kuviomba. Hakuja na mchezo uliokwisha tayari. Alileta makasha, vifungo, kamba na rangi, akawaacha watoto waujenge, huku yeye amekaa sakafuni akitazama unavyoharibika. Kila ulipoharibika alifurahi, na walimu wengine walikwisha kukubaliana kwamba hana akili timamu.

Fundi alipoingia, kundi la mchana lilikuwa limeanza, na Dada Mtafiti alikuwa nyuma ya darasa anambandua mtoto aliyejigundisha ukutani. Akamwashiria mgeni: karibu ukae, nakuja. Kiti kilichokuwapo kilikuwa cha mtoto wa miaka mitano. Fundi akakaa, magoti yakamfika kifuani, na alipojaribu kujiweka sawa akagundua kwamba kiti kimemng'ang'ania.

Mbele yake palisimama kasha la friji lililochorwa macho na mdomo mkubwa mwekundu.

"Karibu mgeni!" kasha likasema kwa sauti ya kitoto. "Mimi ni Bwana Mdomo. Ukinijibu nakupa stika. Unaitwa nani?"

"Mama Chiriku," alijibu Fundi, macho yakimtafuta mbaya wake.

"Unakaa wapi?"

"Nyuma ya duka la kushonea, kule mbele ya hoteli mpya."

"Unaogopa nini?"

"Mende," alisema Fundi, maana ndiyo kweli, na akili yake ilikuwa kwenye tepe. "Hasa wale wanaoruka."

"Ukimwona unafanyaje?"

"Napanda juu ya meza namwita mume wangu."

Mkono mdogo ukatoka mdomoni mwa kasha ukambandika stika ya jua shavuni. Palepale mgongo wa kasha ukafunguka, wakatoka watoto watatu mbio wameshika karatasi, wakazibandika ubaoni. Kwenye karatasi ya kwanza palikuwa na mwanamke mnene juu ya meza, mikono juu, na mende mwenye mabawa ukubwa wa ndege ya abiria.

"Mama Chiriku anaogopa mende!" watoto watatu wakatangaza. "Anakaa nyuma ya duka!"

"Nani amewaambia muwaambie watu?" Fundi alifoka.

"Wewe umesema!"

"Nimeliambia kasha!"

Darasa zima lilianguka chini kwa kicheko. Wengine walishika matumbo, wengine walibingirika mpaka wakagonga madawati, kwa sababu jana kila mmoja wao alikuwa amesema maneno hayohayo, na baadhi yao kwa machozi. Chiriku peke yake hakucheka. Alimshika mama yake bega.

"Hata mimi jana nililia, mama," alisema kwa huruma. "Utazoea."

"Nirudishieni huo mchoro."

"Tutakurudishia," alisema mtoto mmoja asiye na meno ya mbele, bila ubaya wowote. "Lakini sisi tumeshajua."

Dada Mtafiti alifika akiomba radhi. Kwanza ilibidi amtoe Fundi kwenye kiti. Yeye alivuta miguu ya kiti, watoto wanne wakavuta mikono ya Fundi, na walipofanikiwa wote waliangukiana. Ni vigumu kumgombeza mtu mkiwa mmelaliana sakafuni, lakini Fundi alijikaza.

"Mwanangu amegawa tepe zangu zote. Kesho nakaguliwa. Umemfundisha nini wewe?"

Dada Mtafiti macho yalimtoka. Alisikiliza hadithi yote, na ilipofika mahali pa pipi alijiuma mdomo asicheke. "Jana aliniuliza kama ule ukuta wako ni Bwana Mdomo," alisema. "Nikamwuliza yeye anaonaje. Akanyamaza muda mrefu."

"Chiriku? Akanyamaza?"

"Ndiyo. Nilidhani anaumwa. Lakini sikuwaza kabisa kwamba angekwenda kuzigawa, na hilo ni kosa langu, mama. Ilinipasa nije kwako kwanza. Twende nikusaidie kuzikusanya."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayembishia. Mtu anayekubali kosa upesi namna ile humwacha mgomvi akining'inia hewani. "Baki na kasha lako," alisema, akatoka na stika ya jua shavuni. Alipita nayo barabara nzima, watu wakimsalimu kwa tabasamu, naye akishangaa leo wamekuwaje.

* * *

Katika chumba cha kufulia cha hoteli kulikuwa na kelele za harusi. Wafuaji walikuwa wamejifunga tepe zao, huyu kichwani, huyu shingoni, wanacheza baina ya mashine. Mmoja alikuwa amelaza wake sakafuni anautazama kama anayetazama picha yake ya utotoni.

"Mama Chiriku! Kumbe mimi ni mrefu hivi!"

"Jamani, nirudishieni," alisema Fundi. "Kesho Meneja anakuja, na nguo sijakata hata moja."

Wakaanza kufungua, bado wanacheka. Mpishi hakufungua wake. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwanamke mpana, mwenye sauti nzito, utepe wake wa maua ya njano ameuviringa kiganjani.

"Mimi sikupi," alisema.

"Mpishi, usinitanie leo."

"Sitanii. Unajua kwa nini ulipokuja kutangaza kwamba unashona sare, mimi nilikuja wa mwisho? Maana nilikwisha kuja kwako zamani, na nyumba hii bado haijajengwa. Nimekaa pale kwenye benchi, mtu akavuta utepe wangu, mwanao akanitaja, watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, Fundi, pini mdomoni. Mimi nami nikacheka. Ningefanyaje? Nikaenda nyumbani, na tokea siku hiyo nguo zangu nanunua zilizoshonwa tayari."

Mashine moja ilikuwa inazunguka, mtu akaizima. Chiriku alijificha nyuma ya sketi ya mama yake, kisha akatoka mwenyewe.

"Ndiyo maana nilianza na wako," alimwambia Mpishi. "Nilikuja kwako kwanza."

Fundi aliona aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Alikuwa na maneno mengi ya kujitetea: ni mzaha tu, ni mtoto tu, kila mtu alichekwa kwa zamu yake. Yote aliyaona ya kipuuzi hata kabla hayajatoka. "Nisamehe," alisema. "Nilikuning'iniza ukutani na sikukuuliza hata siku moja."

Mpishi alimtazama, akamtazama zaidi, halafu mdomo ukaanza kumcheza. "Nitakusamehe ukinieleza hilo jua shavuni limetoka wapi."

Fundi aligusa shavu. Chumba kilipasuka. Alipowasimulia habari za mende na kasha, wafuaji waliegemea mashine wakilia machozi, na Mpishi alianguka kutoka kwenye ndoo. Wakapatana hapohapo, bado wanajifuta macho: tepe hazirudi ukutani. Kila mtu atakaa na wake. Fundi akitaka kukata, mwenyewe anakuja nao, anasimama pale mpaka mkasi umalize, anaondoka nao.

"Itanichelewesha," alisema Fundi.

"Basi tuanze sasa hivi," alisema Mpishi akijinyanyua. "Na mimi ndiye wa kwanza."

* * *

Jioni ile duka lilikuwa soko. Walikuja mmoja mmoja, pazia likafungwa, mlango ukarudishwa. Mume wa Fundi, mwokaji mikate, ambaye kwa saa zile huwa amelala kwenye benchi miguu juu, alifukuzwa akakae kwa kinyozi.

Binti wa mapokezi aliingia wa mwisho. Fundi alitandaza utepe wake wa buluu juu ya kitambaa, akachukua chaki, kisha kwa mazoea tu akamzungushia kiunoni kuhakikisha. Fundo halikufika mahali pake. Akajaribu tena, halikufika. Akainua macho, wakatazamana, na binti akalengwa na machozi na kutabasamu kwa wakati mmoja.

"Miezi mingapi?" Fundi alinong'ona.

"Bado michache. Mama, usimwambie mtu. Mwisho wa mwezi huu nasaini ajira ya kudumu. Meneja amesema kabisa, kipindi hiki cha majaribio hataki kusikia mambo ya uzazi. Nikishasaini nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Mumeo anajua?"

"Anajua. Jana amenunua kofia ya mtoto. Kubwa mno, inamtosha yeye!"

Wakaanza kucheka kimyakimya, wameshikana mikono, mabega yanatikisika. Fundi alifungua fundo la kiuno, akalifunga upya mbele zaidi. Ndipo waliposikia chini ya meza kitu kinachofanana na birika linalotaka kuchemka. Fundi akainama. Chiriku alikuwa amekaa palepale pake pa kila siku, wamemsahau, mikono yote miwili ameibana mdomoni, macho yamemtoka pima.

Siri ilikuwa imeingia mahali pabaya kuliko pote mjini.

"Chiriku," alisema mama yake taratibu. "Hiyo ni habari ya nani?"

Chiriku alinyoosha kidole kumwonyesha binti wa mapokezi, akaurudisha mkono mdomoni haraka kabla hakijatoka chochote.

Chakula cha jioni kilikuwa kioja. Chiriku alikula kwa mkono mmoja, wa pili uko tayari. Baba yake alimwuliza habari za shule, akatikisa kichwa. Akamwuliza anataka maji, akatikisa kichwa kwa nguvu zaidi.

"Mtoto huyu ana homa," alisema Mwokaji.

"Hana homa, ana siri," alisema Fundi.

"Siri? Chiriku?" Mwokaji aliweka kijiko chini. "Njoo umwambie baba. Nakupa andazi la asali."

Chiriku alitazama andazi. Alilitazama kwa upendo. Machozi yalimlenga. "Siyo yangu, baba," alisema kwa tabu, "ingekuwa yangu ningekupa." Na Mwokaji, aliyekuwa anatania tu, akampa andazi bure.

* * *

Meneja alifika mchana uliofuata na simu sikioni. Alikuwa mwanamke wa haraka, suti imembana, anatembea kama aliyechelewa hata anapowahi. Nguo tatu zilikuwa zimening'inia mahali pa tepe: ya Mpishi, ya mfuaji, ya mapokezi. Alizigeuza nje ndani, akavuta mishono, akahesabu moyoni.

"Kola nzuri. Mbona viuno hamjavibana?"

"Vinafungwa nyuma kwa mkanda," alisema Fundi. Alikuwa amezishona zote hivyo, ili ya mapokezi isionekane kwamba ndiyo iliyoachiwa nafasi. "Mtu akishiba mchana analegeza, hapasuki mbele ya wageni."

Meneja alicheka kidogo. "Haya. Na mimi nataka suti ya kitambaa hikihiki. Nipime." Alitazama huku na huku. "Funga mlango. Na huyo mtoto chini ya meza atoke."

Chiriku alitoka, akasimama nje kwa nidhamu. Pazia likafungwa. Meneja alichagua utepe wa rangi ya zambarau kutoka kapuni, akavua koti, akavuta tumbo ndani mpaka mbavu zikahesabika.

"Pumua, Meneja."

"Napumua."

"Hupumui. Suti hii utaivaa ukiwa unapumua."

Meneja alijaribu kustahimili, akashindwa, pumzi ikamtoka yote kwa mkupuo, na tumbo likaja mbele likiwa limechoka kufichwa. Akamshika Fundi mkono. "Usifunge fundo hapo. Funga nyuma kidogo."

"Nikifunga nyuma, suti itakubana."

"Basi funga. Lakini..." akashusha sauti, kiongozi mzima, nyusi zimekaa kitoto. "Isifike kule hotelini. Unajua watu walivyo."

"Haifiki," alisema Fundi.

Alipomaliza, Meneja aliuvua utepe mikononi mwake, akaukunja mara nne, akautia mkobani na kufunga zipu. Akavaa koti, akawa Meneja tena. Mlango ukafunguliwa, Chiriku akaingia.

"Kazi yako nimeipenda," alisema Meneja. "Sasa nipe na tepe za wafanyakazi wangu wote, nina kazi nazo. Nataka nipange watu. Wembamba wakae mbele, wageni wakiingia waone sura. Wanene jikoni na kufulia. Na kiuno kikianza kubadilika, nijue mapema."

Aliiona kazi yake ya mwaka hata mwaka imesimama mlangoni, imeshika mkoba. Alifikiri angeweza kusema uongo, kwamba tepe zimepotea. Ingekuwa rahisi. Lakini mtoto alikuwa pale, anamtazama, na jana yake alikuwa amekataa kuuza siri kwa andazi la asali.

"Tepe ninaweza kuzipata," alisema. "Lakini sikupi."

"Umesemaje?"

"Wamenipa nishonee nguo tu. Ukitaka vipimo vyao, waombe wenyewe."

"Fundi, mimi ndiye ninayewalipa watu hao. Lipo duka kule mjini, nikiwapigia sasa hivi wanakuja na gari."

"Najua," alisema Fundi, mikono ameificha chini ya kitambaa. "Wapigie."

Meneja akatoa simu. Chiriku, aliyekuwa amejizuia tangu jana jioni na sasa hakuweza tena, akasogea karibu. Fundi alifumba macho. Alijua limekwisha, sasa mtoto anamwaga yote.

"Shikamoo," alisema Chiriku.

"Marahaba."

"Wa kwako uko wapi?"

"Wangu nini?"

"Utepe. Mama amekupima. Umeuacha au umeuchukua?"

Mkono wa Meneja uliteremka wenyewe ukakaa juu ya zipu ya mkoba. "Nimeuchukua."

"Kwa nini?"

Meneja aliitazama ile misumari mitupu, akamtazama Fundi, akauona uso usiocheka na usiomtangaza, kisha akatazama mkono wake mwenyewe ulivyoubana mkoba. Simu ilikuwa inaita upande wa pili, mtu akapokea, akasikika akisema halo, halo. Meneja akaikata.

"Huyu mtoto wako," alisema mwisho, "nani anamfundisha?"

"Kuna dada mmoja mwenye kasha la friji."

"Mwambie asije hotelini kwangu." Lakini shavu moja lilikuwa limeanza kumponyoka kwa kicheko. Alifika mlangoni, akageuka. "Nguo zote ziwe tayari kabla ya ufunguzi. Vifungo nataka vya chuma, vya plastiki vinavunjika. Na utepe wangu," akakohoa, "nitakuja nao mwenyewe siku ya kukata."

Visigino vyake vilipopotea barabarani, Fundi alikaa sakafuni, akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Alimvuta Chiriku, akambusu kichwani, shavuni, puani, akamrusha juu, akamdaka. Kinyozi alichungulia kuona kuna nini akaambiwa hakuna, hayakuhusu, rudi kwenye kichwa cha mtu.

"Mama," alisema Chiriku, bado yuko mikononi. "Ile siri inaniuma hapa tumboni. Nimechoka. Naweza kumwambia mtu mmoja tu?"

"Nani tena?"

"Mwenyewe."

Fundi aliligeuza jambo hilo kila upande na hakuona kosa. Wakavuka barabara wameshikana mikono, wanakimbia. Binti wa mapokezi alikuwa nyuma ya meza yake ndefu, peke yake, anafuta vumbi lisilokuwapo. Chiriku alimwashiria ainame, akamshika shingo kwa mikono miwili, akamnong'oneza sikioni maneno yote, kwa kirefu, bila kuacha hata moja, na kofia ya mtoto akaitia.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Akashika kifua.

"Kweli?" aliuliza.

"Kweli kabisa," alisema Chiriku, akashusha pumzi ndefu ya raha. "Lakini usimwambie mtu mpaka utakapotaka mwenyewe."